Kuamrisha Mashine kwa Ubongo: Mkono wa Mgonjwa au Jicho la Msimamizi?

Mwezi Juni mwaka 2004, huko Marekani, madaktari walipandikiza ndani ya ubongo wa kijana mmoja aitwaye Matthew Nagle kipande kidogo chenye upana wa milimita 4 tu, kilichojaa sindano 96 nyembamba mno. Nagle alikuwa amechomwa kisu shingoni mwaka 2001, na tangu siku hiyo mikono na miguu yake ilikuwa imepooza. Baada ya kidonda cha upasuaji kupona, aliunganishwa na kompyuta kwa waya, akatakiwa afikirie kwamba anausogeza mkono wake. Mkono haukusogea. Kilichosogea ni kishale kwenye kioo cha kompyuta. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya kwa uwezo huo mpya ni kucheza mpira wa meza uliochorwa kwenye kioo hicho.

Habari hizo zilipoenea, watu walizipokea kwa namna mbili. Wako waliosema kwamba sasa mashine zimeanza kusoma mawazo ya binadamu, na kwamba hakuna siri itakayosalia kichwani mwa mtu. Wako pia waliocheka, wakisema kuwa mtu amepasuliwa fuvu kwa gharama kubwa ili acheze mchezo wa watoto. Pande zote mbili zilikosea, na makosa yao yangali yakirudiwa kila chombo kipya cha namna hii kinapotangazwa.

Ukweli ni kwamba chombo hiki hakisomi mawazo. Ni mkono mpya, ambao mwenyewe hana budi kujifunza kuutumia kwa hiari yake na kwa jasho lake. Na kwa kuwa ni mkono, ni kosa la kisayansi na la kimaadili pia kuugeuza uwe jicho la kumchungulia huyo huyo aliyeuvaa. Jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko wanavyoweza kudhani, maana jicho hilo limekwisha jaribiwa darasani.

Umeme wa kichwani

Kwamba mwili una umeme si jambo geni kwa mwanafunzi wa bayolojia. Mwaka 1875 daktari Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, alionyesha kuwa ubongo wa sungura na wa kima hutoa mkondo hafifu wa umeme. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, alifaulu kuunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu. Alirudia majaribio yake kwa miaka mitano kabla ya kuyatangaza mwaka 1929.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli inapopeleka habari kwa jirani yake, chembe zenye chaji huvuka utando wa seli, na umeme kidogo hutokea. Seli nyingi zikitenda kwa pamoja, umeme wao hujumlika, ukapenya fuvu hadi kwenye ngozi ya kichwa. Hapo huweza kupokewa na vipande vidogo vya madini viitwavyo elektrodi. Ukubwa wake aghalabu ni baina ya mikrovolti 10 na 100. Mwanafunzi na apige hesabu: betri ya tochi ina volti 1.5, basi wimbi la mikrovolti 50 ni dogo kuliko umeme wa betri hiyo mara 30,000. Ndiyo maana kukunja uso, kupepesa macho, au kuuma meno huzaa umeme wa misuli unaoweza kuufunika kabisa umeme wa ubongo.

Mfano wa uwanja wa mpira unalieleza jambo hili vizuri. Mtu aliyesimama nje ya uwanja husikia kelele za watazamaji, akajua kwamba bao limefungwa. Hawezi kusikia mtazamaji mmoja anamwambia nini jirani yake. Elektrodi zilizowekwa juu ya ngozi ya kichwa ni mithili ya mtu huyo wa nje. Sindano zilizopandikizwa ndani ya ubongo, kama zile za Nagle, ni mithili ya mtu aliyeingia uwanjani akaketi safu moja. Yeye husikia maneno ya watu waliomzunguka, lakini uwanja uliosalia haumfikii. Sindano 96 mbele ya seli bilioni 86 ni tone katika bahari. Anayesema kwamba chombo cha namna hiyo kimesoma mawazo yote ya mtu hajafanya hesabu.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa kima

Ikiwa chombo hakisomi mawazo, kishale husogeaje? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1969, pale mtafiti Eberhard Fetz wa Seattle, Marekani, alipounganisha seli moja ya ubongo wa kima na mita yenye mshale. Kila seli hiyo ilipotoa umeme kwa wingi zaidi, mshale wa mita ulipanda, na kima akapewa chakula. Haikuchukua muda kima akajua kuupandisha mshale. Hakuna aliyesoma wazo la kima. Kima ndiye aliyejifunza kwamba ana njia mpya ya kutenda jambo duniani, kama vile mtoto anavyojifunza baiskeli: hujaribu, huanguka, hujisahihisha, mpaka mwili ukazoea.

Mwaka 1973 Jacques Vidal, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliandika makala ya kwanza kuieleza kwa mpango kamili njia ya ubongo kuwasiliana na kompyuta moja kwa moja. Mwaka 1977 alionyesha watu wakiongoza alama kwenye kioo kupita katika vichochoro vya mchoro bila kutumia mikono. Walichokifanya ni kukazia macho moja ya nukta nne huku taa ikimweka, na kompyuta ikatambua badiliko la wimbi lililotokana na mahali walipotazama. Mwaka 1999 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, wakiongozwa na Niels Birbaumer, walitangaza kwamba wagonjwa waliopooza karibu mwili mzima wameweza kuandika herufi moja baada ya nyingine kwa kuyapandisha na kuyashusha mawimbi ya ubongo wao. Uandishi huo ulikwenda kwa mwendo wa kobe, na ulipatikana baada ya mafunzo ya miezi mingi.

Katika mifano yote hiyo jambo moja halibadiliki. Pasipo nia ya mwenye ubongo hakuna kinachofanyika. Akichoka, chombo huchoka naye. Akikataa, chombo hukaa kimya. Tena kila mtu hupimiwa chombo chake, kwa kuwa mawimbi ya mmoja si ya mwingine. Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Katika elimu hii methali hiyo ni ukweli wa maabara.

Mchezo si mzaha

Hapa ndipo wanaocheka mchezo wa Nagle wanapokosea. Ujuzi wowote hukua pale mtu anapoona papo hapo matokeo ya alilolitenda. Mpira unaodunda kwenye kioo humwonyesha mgonjwa, kwa sekunde chache tu, kama amepatia au amekosa. Kwake yeye mchezo ni daftari la mazoezi. Mtoto pia hujifunza kutumia mikono yake kwa mchezo kabla hajaitumia kwa kazi.

Matunda ya mazoezi hayo yameonekana. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba mwanamke aliyepooza kwa kiharusi kwa karibu miaka 15 ameongoza mkono wa mashine kwa ubongo wake, akainua chupa ya kahawa na kunywa mwenyewe. Mwaka 2021 mtu aliyepooza mikono alifikiria kwamba anaandika kwa kalamu, na kompyuta ikaandika herufi 90 kwa dakika. Mwaka 2023 mwanamke aliyepoteza usemi kwa maradhi ya neva alifikia maneno 62 kwa dakika, japokuwa karibu robo ya maneno hayo yalitokea na makosa. Mazungumzo ya kawaida huenda kwa maneno kama 160 kwa dakika. Mtu aliyekuwa amefungiwa ndani ya mwili wake akapata njia ya kumwambia mwanawe kwamba ana kiu, au kwamba hakubaliani naye, amerudishiwa utu wake. Hakuna mchezo wa kuchekwa katika safari iliyomfikisha hapo.

Hata hivyo mkono huu una gharama zake. Upasuaji wa ubongo huweza kuleta maambukizo, na kovu linaloota kuzunguka sindano hudhoofisha ishara kadiri miaka inavyopita. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Noland Arbaugh, chombo chenye elektrodi 1,024. Muda si mrefu akaonekana akicheza sataranji kwenye kompyuta. Majuma machache baada ya upasuaji baadhi ya nyuzi za chombo zilikuwa zimechomoka mahali pake, ikabidi mafundi waibadilishe programu ili aendelee kukitumia. Liko pia funzo la jicho la bandia lililouzwa kwa mamia ya vipofu duniani. Kampuni iliyolitengeneza iliingia katika dhiki ya fedha mwaka 2020, na watu wakabaki na chombo machoni ambacho hakina fundi wa kukitengeneza. Mkono usiokuwa na fundi wala kipuri ni mkono wa kuazima.

Chombo kikigeuzwa

Kwa kuwa neno kusoma mawazo lina mvuto sokoni, wafanyabiashara hawakulichelewesha. Mwaka 1984 kampuni ya Atari ilionyesha utepe wa kichwani wa kuongoza michezo, ukiwa na jina lililodokeza kwamba unafanya kazi kwa akili. Kwa kweli ulipokea mwendo wa misuli ya kipaji cha uso, na haukufika madukani. Mwaka 2009 vikatokea vitu vya kuchezea vilivyokuwa na elektrodi halisi, ambavyo mtoto hukaza fikira ili mpira mdogo uinuliwe na feni. Vitu hivyo havina ubaya mkubwa: mtoto huvivaa akitaka, huvivua akichoka, na mpira unaoinuka ni wake.

Jambo lililo zito ni la mwaka 2019. Katika shule moja ya msingi mkoani Zhejiang, China, watoto walivishwa tepe za namna hiyo wakiwa darasani. Taa iliyokuwa juu ya paji la uso iliwaka nyekundu mtoto alipohesabiwa kuwa makini, na bluu alipohesabiwa kuwa amezubaa. Hesabu hizo zilikwenda kwa mwalimu na kwa wazazi. Picha zilipoenea, wananchi wa huko walipiga kelele, na wakuu wa elimu wa mahali hapo wakasimamisha matumizi hayo.

Chombo ni kile kile, lakini kazi yake imepinduliwa. Kwa mgonjwa, ishara hutoka kwake kwenda kutimiza alitakalo yeye. Kwa mtoto wa darasani, ishara hutoka kwake kwenda kwa mtu mwingine, naye hana uwezo wa kuizuia. Mkono umekuwa jicho.

Jicho lenyewe, zaidi ya hayo, ni bovu. Mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi ya mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde huongezeka nyuma ya kichwa. Akifungua macho, hupungua. Hilo ni kweli na laweza kupimwa. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mwanafunzi huyu anafuata somo la jiometri, kuna bonde lisilo na daraja. Mwanafunzi anayewaza mechi ya Jumamosi kwa makini huenda akawasha taa nyekundu, na yule aliyefumba macho ili alione pembetatu vizuri akilini huenda akawasha bluu. Anayeuma meno kwa hofu ya kuonekana mzembe huongeza umeme wa misuli, na hesabu ikaharibika.

Liko na jambo la nywele. Elektrodi hazina budi kugusa ngozi ya kichwa barabara, nazo kwa miaka mingi zilibuniwa kwa kufikiria nywele laini zilizonyooka. Nywele za kipilipili, au zilizosukwa, huziinua elektrodi zikapoteza mgusano. Mwaka 2020 tu ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walipotangaza elektrodi za kubana zinazokaa katikati ya nywele zilizosukwa kwa mistari, mithili ya twende kilioni. Basi chombo kilichoundwa bila kuwafikiria wenye nywele hizo kingewezaje kutoa hukumu ya haki juu ya akili zao?

Hoja ya upande wa pili

Haifai kuzipuuza hoja za wanaokitaka chombo hiki shuleni. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 hawezi kumwona kila mmoja, na huenda mwanafunzi asiyeelewa akakaa kimya mwaka mzima. Tena watasema: mbona hospitali nazo hutazama umeme wa ubongo? Hospitali kubwa za Tanzania na Kenya hutumia kipimo hicho hicho kuchunguza kifafa, na hakuna anayelalamika.

Hoja ya hospitali ni nzito, nayo ndiyo inayosaidia kuchora mpaka. Daktari ni jicho, lakini ni jicho linalomfanyia kazi mgonjwa. Mgonjwa ameomba kupimwa, au mzazi wake amekubali kwa ajili yake. Kinachotafutwa ni kitu ambacho kipimo hicho kinaweza kukionyesha kweli, na majibu hubaki siri ya tiba. Utepe wa darasani hauna hata moja katika sifa hizo. Na kuhusu darasa la wanafunzi 80, dawa yake ni walimu na vyumba, pamoja na daftari linalosahihishwa. Mwanafunzi asiyeelewa hujulikana kwa swali moja lililoulizwa vizuri, nalo halihitaji umeme.

Wako pia watakaosema kwamba hizi ni habari za mbali, na kwamba Afrika Mashariki itazishughulikia zitakapofika. Vyombo hivi havisubiri. Tepe za kichwani huuzwa kwa njia ya mtandao kama saa za mkononi, na habari zinazokusanywa aghalabu huhifadhiwa katika kompyuta za kampuni zilizo ng'ambo. Nchi ya Chile iliona hivyo mapema: mwaka 2021 iliingiza katika katiba yake ulinzi wa shughuli za ubongo, na mwezi Agosti 2023 Mahakama Kuu ya juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni moja ifute habari za ubongo wa raia aliyekuwa amenunua chombo chao. Jimbo la Colorado nchini Marekani lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2024. Mwezi Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kimataifa kuhusu maadili ya elimu hii. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022. Sheria hizo ni msingi mwema, lakini hakuna kati yake inayoutaja umeme wa ubongo kwa jina. Yafaa utajwe, kabla ya mashauri kuanza kufika mahakamani.

Yanayopasa kufanywa

Katika shule mambo mawili yanawezekana bila kusubiri sheria. La kwanza ni kuufundisha umeme wa ubongo kama sehemu ya fizikia na bayolojia ya kawaida, pamoja na hesabu zake, ili mwanafunzi asiuogope kama uchawi wala asiuamini kama kauli ya mganga. Anayejua kwamba ishara ya mikrovolti 50 huharibiwa na kuuma meno hatadanganywa na tangazo la biashara. La pili ni desturi: elektrodi zikiingia katika maabara ya shule, mwanafunzi ajipime mwenyewe kwa hiari, majibu yabaki mikononi mwake, na pasiwe na alama itakayotolewa wala adhabu itakayofuata kutokana na kilichoonekana.

Kwa wakubwa wanaopanga matumizi ya fedha za utafiti, kila chombo cha namna hii kiulizwe maswali matatu kabla ya kuruhusiwa. Ishara inamtumikia nani? Mwenye kichwa anaweza kukivua au kukizima wakati wowote atakao? Na kikiharibika, nani atakitengeneza, na kwa muda gani? Mashine ya mgonjwa aliyepooza yaweza kuyajibu yote matatu, ikiwa itasimamiwa vema. Utepe wa mwanafunzi hukwama katika swali la kwanza.

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki wako watu waliolazwa vitandani kwa kiharusi na kwa majeraha ya uti wa mgongo yaliyoletwa na ajali za pikipiki, wenye akili timamu na wasio na njia ya kuomba hata maji. Huenda mwanafunzi atakayewatengenezea mkono wa bei nafuu yuko kidato cha pili hivi sasa, ameketi nyuma ya darasa, akitazama nje ya dirisha. Chombo cha kupima umakini kingemwashia taa ya bluu.